Kitabu cha kwanza cha hifadhidata: kabla hujalipa, soma ukurasa wa yaliyomo

Mpwa wangu wa kike aliolewa Kasikeu, kaunti ya Makueni, na tangu mwaka jana yeye ndiye karani wa kikundi cha wakulima wanaokusanya ndengu na maembe na kuviuza kwa pamoja. Ndengu, kwa msomaji wa Pwani, ndizo pojo. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nilipanda ile treni inayosimama vituo vya njiani, nikashuka Emali, nikachukua matatu hadi Sultan Hamud, mji unaobeba jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, na kutoka hapo bodaboda ikanimalizia safari. Nilikwenda kwa salamu na kumwona mtoto mchanga. Nikakuta kesi.

Nje ya stoo ya kikundi alikuwa ameketi mama mmoja mzee, mkononi ana daftari la shule lililokunjwa mara mbili. Ndani yake mjukuu wake alikuwa amemwandikia kila alichopeleka: magunia matatu, tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Kwenye kompyuta ya kikundi palikuwa na gunia moja tu, na malipo aliyotumiwa kwa simu yalikuwa ya gunia moja. Wajumbe wawili wa kamati walisimama pembeni hawasemi neno, wanamtazama karani. Na karani ni mwanangu.

Ilimchukua zaidi ya saa nzima kuyapata magunia yaliyopotea. Mama yule aliandikwa Mwikali Mutua kwenye karatasi moja ya Excel, na kwenye karatasi ya kituo cha pili cha kukusanyia akaandikwa Mutua Mwikali, na kando ya jina hilo pana nambari ya simu ya mama mwingine mwenye jina hilo hilo. Pesa zilikwenda kwa yule wa pili. Mungu ambariki, kesho yake alizirudisha bila maneno. Lakini usiku ule, baada ya chakula, mpwa wangu aliniambia:

"Mjomba, hii Excel itanifunga. Siku nyingine pesa zisiporudi, wakisema nimekula haki ya wazee, nitajitetea na nini? Mimi nataka nijifunze database. Ukifika Mombasa ninunulie kitabu."

"Haya mwanangu," nikamwambia, "nitakununulia."

Kuahidi ni rahisi. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipojiuliza: kitabu kipi?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na vijana wa vyuo, na makarani wa misikiti, na mwalimu mmoja wa madrasa aliyetaka kuweka rekodi za karo. Wengi wao walikuwa wameshanunua kitabu kimoja kabla ya kuniuliza, na kimeshindikana. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Diploma yangu ya teknolojia ya habari niliisomea hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kitabu cha kwanza nilichonunua kwa pesa zangu kilikuwa cha dBase IV. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kinene kama tofali, bei ya kutupwa. Programu hiyo ilitoka 1988. Chuoni tulikuwa tukifundishwa Microsoft Access. Nilikibeba kitabu kile muhula mzima kwenye mkoba, nikakiweka mezani watu wakione, na sikutoka nacho na jedwali hata moja lililofanya kazi. Nilikichagua kwa unene wake.

Basi kabla ya kutaja vitabu, hebu tuelewane hifadhidata ni nini, maana bila kulijua hilo huwezi kukipima kitabu chochote.

Excel ni lahajedwali, yaani daftari kubwa lenye mistari. Unaandika chochote popote. Mkulima akileta mzigo mara kumi, jina lake unaliandika mara kumi, na mara ya sita utalikosea, kwa sababu wewe ni binadamu na jua la Ukambani ni kali. Hifadhidata inafanya kazi kwa njia nyingine. Unakuwa na jedwali moja la wakulima, na humo kila mkulima anaandikwa mara moja tu, anapewa nambari yake isiyofanana na ya mwingine yeyote. Nambari hiyo ndiyo ufunguo. Kisha una jedwali la pili, la mizigo: tarehe, kilo, aina ya zao, na nambari ya mkulima. Jina halirudiwi tena. Jedwali la tatu ni la malipo, nalo vilevile linashika nambari. Ukitaka kujua mama fulani alileta nini na alilipwa nini, unaiuliza programu swali, nayo inayaunganisha majedwali yote matatu kwa kufuata ile nambari. Akina Mwikali Mutua hata wakiwa watano hawachanganyiki.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data zote ziwekwe katika majedwali yanayohusiana, na mtumiaji asilazimike kujua zimelala wapi ndani ya mashine. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Ndiyo lugha tunayoiita leo SQL. Programu nyingi utakazosikia zikitajwa ofisini, Access, MySQL, PostgreSQL, Oracle, SQLite, zimejengwa juu ya wazo hilo moja.

Faida yake kwa mnunuzi wa kitabu ni hii. Kila kitabu cha hifadhidata kina mambo mawili ndani yake. Kuna wazo, namna ya kugawa habari zako katika majedwali na kuyaunganisha, na hilo halijabadilika kwa zaidi ya nusu karne. Halafu kuna vitufe, wapi pa kubofya ili jedwali litokee, na hivyo hubadilika kila kampuni inapotoa toleo jipya. Kitabu kizee kinaweza kukufundisha wazo vizuri kabisa, lakini kwa vitufe kitakupoteza.

Kwa hiyo ukishika kitabu dukani, usianze na jalada. Fungua ukurasa wa yaliyomo utafute sura inayofundisha uhusiano wa majedwali. Kwa kuwa karibu vitabu vyote hivi ni vya Kiingereza, macho yako yatafute neno relationships, na karibu yake primary key. Kama sura hiyo iko katika theluthi ya kwanza ya kitabu, mwandishi anajua kazi yake. Kama kwanza umewekewa sura nne za fomu zenye rangi na ripoti zenye nembo, na majedwali yanaunganishwa huko mwishoni kama nyongeza, kirudishe. Kitabu cha namna hiyo kinakufurahisha wiki ya kwanza, kisha kinakuacha na lahajedwali iliyovaa koti.

Jambo la pili ni toleo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopoteza pesa, hasa wanaonunua mitumba. Access ilibadilika sura mwaka 2007. Kabla ya hapo amri zilikuwa kwenye menyu za kushuka chini, na faili zake ziliishia na mdb. Kuanzia 2007 amri zikahamia kwenye utepe wa juu, na faili zikawa za accdb. Mwanafunzi mwenye Access 2016 akinunua kitabu cha Access 2003, kila picha kitabuni itakuwa tofauti na kioo chake, naye atadhani kosa ni lake. Lakini kitabu cha Access 2010 au 2013 kitamfaa mtu mwenye toleo la 2016 au 2019 bila taabu kubwa, kwa sababu utepe ni ule ule. Usiogope kitabu kwa kuwa kina miaka kumi. Angalia tu kiko upande gani wa 2007.

Na kabla ya hilo kuna swali la aibu kidogo: je, hiyo Access unayo? Mimi nilipofika nyumbani nilikuwa tayari nimeshachagua moyoni kitabu cha Access. Nikampigia simu mpwa wangu nikamwambia afungue kompyuta ya kikundi aitafute. Word ipo, Excel ipo, PowerPoint ipo. Access haipo. Ofisi nyingi ndogo ziko hivyo hivyo, kwa sababu Microsoft huiuza Office kwa vifurushi, na kile cha bei nafuu cha nyumbani na wanafunzi hakina Access ndani. Wala Access haifanyi kazi kwenye simu, wala kwenye kompyuta za Apple. Nilibakiza hatua moja tu kulirudia kosa langu lile la dBase, na safari hii mimi si mwanafunzi.

Jaribio la tatu ni mazoezi. Hifadhidata haisomwi kitandani. Kitabu kizuri cha mwanzo kina faili za mazoezi, na kinaanza na mfano mmoja unaokua kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Vitabu vya zamani vilikuja na sidii iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma, kwa hiyo kama ni mtumba, geuza uone kama sidii ipo au imebaki bahasha tupu. Vya sasa hukuelekeza kwenye tovuti ya mchapishaji kupakua faili. Hizo mara nyingi ni ndogo, hata bando la simu linatosha.

Jaribio la mwisho huligharimii chochote. Fungua ukurasa wowote wa katikati, usome aya mbili ukiwa umesimama pale pale, kisha ufunge kitabu na ujieleze kwa Kiswahili ulichosoma. Ukishindwa, huenda kitabu ni cha watu waliokutangulia. Si dhambi. Kirudishe, utakijia mwaka ujao.

Sasa vitabu vyenyewe. Nataja vile ninavyovifahamu, na mtu asinishike shati kwa kuacha chake.

Ninaanza na kimoja ambacho wasomi watacheka: kitabu cha Computer Studies cha kidato cha pili. Katika mtaala wa 8-4-4, hifadhidata zimo kwenye silabasi ya kidato hicho, sura moja tu, lugha yake nyepesi, iliyoandikwa kwa mtoto wa Kenya. Humo utaelezwa rekodi ni nini, ufunguo mkuu ni nini, swali linaundwaje, ripoti inatolewaje. Picha za Access ndani ya vingi vya vitabu hivyo ni za zamani, lakini maelezo ya wazo yamesimama. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, kwa hiyo darasa la mwisho la mtaala ule linakaribia kumaliza, na vitabu hivi usishangae kuviona vimepangwa chini pamoja na riwaya za mitumba. Kuna faida nyingine pia. Watahiniwa wa KCSE wa somo hilo hufanya mradi, na wengi huufanya kwa hifadhidata. Maana yake, karibu na kila shule ya sekondari yenye maabara ya kompyuta kuna mwalimu anayeweza kukufungulia fundo likikukaza. Mtu wa kumuuliza aliye umbali wa bodaboda ni bora kuliko profesa aliye ndani ya kitabu.

Kwa mwenye Access, kitabu ninachokipenda ni kile cha Matthew MacDonald katika mfululizo uitwao The Missing Manual, toleo la 2010 au 2013. Sehemu yake ya kwanza yote ni ya majedwali na uhusiano wao, fomu zinakuja baadaye, kama inavyostahili. Mfano wake unachekesha: hifadhidata ya mtu anayekusanya vinyago vya vichwa vinavyotikisika. Jambo la Wamarekani hilo. Lakini ukiweka gunia la ndengu mahali pa kinyago, kila kitu kinakaa sawa. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 700, na huhitaji zaidi ya nusu yake. Vile vinavyojiita Biblia ya Access, vyenye kurasa zaidi ya 1,000, ni vya kufungua unapotafuta jambo moja ulilokwama. Ukijaribu kuvisoma mwanzo hadi mwisho utalala.

Kwa asiyejua atatumia programu gani, kipo Database Design for Mere Mortals cha Michael J. Hernandez, kilichotoka mara ya kwanza 1997, na toleo la nne likatoka 2020. Kitabu hiki hakifundishi programu yoyote. Kinakufundisha kuketi na wenye kazi, kuwauliza wanahitaji kujua nini, kukusanya fomu na daftari zao za karatasi, na kutoka humo kuchora majedwali kwa kalamu. Kina mapungufu yake. Kinarudiarudia, na mwalimu wa chuo atalalamika kwamba kanuni za hesabu zilizo nyuma ya jambo lenyewe zimerukwa. Lakini kwa karani, kurukwa huko ni rehema.

Mwanafunzi kijana, hasa asiyependa kusoma, mpe The Manga Guide to Databases cha Mana Takahashi. Ni kitabu cha katuni cha Kijapani, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 2009. Hadithi ni ya binti mfalme anayeshindwa kusimamia biashara ya matunda ya ufalme uitwao Kod, kwa sababu kila idara ina daftari lake na bei ikibadilika hakuna anayejua daftari lipi ni sahihi. Nilipokifungua mara ya kwanza nilidhani kimeandikwa kwa ajili ya Makueni na maembe yake. Ni chembamba, kurasa mia mbili na kidogo. Hakitakufanya fundi, lakini baada yake hutasahau kwa nini majedwali yanagawanywa.

Ukishaelewa majedwali, unahitaji lugha ya SQL. Kitabu cha Ben Forta kinachoahidi SQL ndani ya dakika kumi kimewadanganya wengi kwa jina lake. Dakika kumi ni za somo moja, na masomo ni zaidi ya ishirini. Ni kitabu cha kazi, kinakwenda moja kwa moja kwenye amri, lakini kinachukulia kwamba majedwali mtu mwingine ameshayaunda. Kwa mpwa wangu hicho kingekuwa kama kufundishwa kuendesha gari ambalo halijaundwa. Kile cha Thomas Nield cha 2016, Getting Started with SQL, ni kifupi zaidi, kinatumia SQLite, programu ya bure isiyohitaji hata kusimikwa seva, na kina sura ya kuunda majedwali. Cha Alan Beaulieu, Learning SQL, toleo la tatu la 2020, kinakwenda ndani zaidi kwa kutumia MySQL na mfano wa duka la kukodisha filamu. Anayetaka kuajiriwa asome hicho. Anayetaka tu kuweka rekodi za kikundi anaweza kungoja.

Na kuna kitabu ambacho wahadhiri hupenda kukitaja: An Introduction to Database Systems cha C. J. Date. Toleo la kwanza ni la 1975, na la nane lilitoka 2003. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana ya neno. Jina lake linasema ni utangulizi, na kwa mwanafunzi wa shahada ni utangulizi kweli. Nimekiona mikononi mwa kijana wa cheti aliyeambiwa kwamba huyo ndiye baba wa vitabu vyote. Aliacha somo. Nakumbuka nilisikitika, kwa sababu kijana yule alikuwa na akili, na alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba milango ya nyumba ile ni mingi na hakulazimika kuingilia kwa mlango wa juu.

Utaniuliza, na Kiswahili je? Juhudi zipo, na si za jana. Mradi wa Kilinux uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na wataalamu wake wakaketi kutafuta maneno kwa kila kitufe. Lakini vitufe kwa Kiswahili bila kitabu cha Kiswahili ni nusu ya kazi, na mwanafunzi wa Kasikeu au Kisauni bado anasoma dhana ngumu kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Dawa yangu ni ya kienyeji: daftari dogo lenye safu mbili, neno la kitabuni upande mmoja na maana kwa lugha yako upande wa pili. Mpwa wangu safu yake ya pili ameijaza Kikamba na Kiswahili vimechanganyika. Kwenye neno la uhusiano ameandika "nambari ya mkulima inavyomfuata".

Kuhusu nakala za PDF zinazozunguka kwenye WhatsApp, nitasema kwa ufupi. Kitabu cha mtu ni jasho lake. Tena hakuna haja ya wizi wakati vya halali vya bure vipo. Waandishi wa LibreOffice hutoa bure mwongozo wa Base, programu yao ya hifadhidata, na watengenezaji wa PostgreSQL nao wameweka mafunzo ya mwanzo ndani ya nyaraka zao. Kwa mwenye mfuko mwembamba, anzia huko.

Jambo moja halimo katika vitabu hivi vya ng'ambo, nalo linamhusu kila karani wa Kenya. Ukiweka majina, nambari za vitambulisho na simu za watu mia kwenye kompyuta, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakugusa. Chukua zile habari tu unazozihitaji, waambie wenyewe unazitakia nini, na usiziache wazi. Mpwa wangu alikuwa na safu ya nambari za vitambulisho ambayo haikutumika popote. Ameifuta. Faili ameliwekea neno la siri, na kila Ijumaa jioni nakala yake inaingia kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina.

Kitabu nilichomtumia mwishowe ni cha Hernandez. Nilifunga pamoja nacho kile cha kidato cha pili, vikaenda kwa parseli ya basi hadi Sultan Hamud. Kwa vitufe anatumia ule mwongozo wa bure wa Base, kwa kuwa LibreOffice haikumgharimu kitu. Base si tamu kama Access, nakiri. Ilimsumbua siku mbili mpaka tulipogundua kwamba inataka Java iwekwe kwanza, na fomu zake zina ukaidi. Kitabu cha Hernandez amefika karibu nusu. Kwa wiki tatu hakuigusa kompyuta kabisa. Alibandika karatasi ya manila ukutani stoo, akachora majedwali matatu, na kila mjumbe wa kamati aliyepita aliulizwa kama kuna kitu kimesahaulika. Mmoja akasema, "Na mkulima akifariki, mzigo wake unalipwa nani?" Likazaliwa jedwali la nne, la warithi. Kitabu kisingeweza kumwambia hilo.

Excel bado inatumika sambamba mpaka msimu huu wa ndengu uishe, nami nimemshauri asiharakishe. Jumamosi iliyopita alinipigia simu. Wakulima wameanza kupewa nambari zao, na yule mama mzee alifika stoo asubuhi kabla haijafunguliwa. Nambari yake ni 14. Alimtaka mjukuu aiandike kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari lake, kisha akamwambia mpwa wangu amwonyeshe kwenye kompyuta ilipo. Akaonyeshwa. Akauliza magunia matatu yako wapi. Akaonyeshwa hayo pia, moja moja na tarehe zake, akavaa viatu akaenda.